Mama Viti, Shahidi wa Kituo Kisicho na Ngazi

Ndugu waombolezaji, majirani, wateja wake wa miaka mingi, na ninyi wa familia za tarehe ishirini na tano Agosti ambao naona mmejaa hadi barabarani, ukoo umenipa mimi, mtoto wa mdogo wake wa kiume, jukumu la kuwasomea safari ya shangazi yetu, ambaye wengi wenu hamkuwahi kumjua kwa jina lingine zaidi ya Mama Viti, naye hakuwahi kulalamika.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya hospitali ya wilaya, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa fundi mwashi na mpishi wa wodi ya wazazi. Alianza shule ya msingi Januari 1959, akamaliza darasa la saba mwaka 1965, akiwa wa kwanza kwa hesabu na wa mwisho kwa kunyamaza, kama mwalimu wake alivyoandika kwenye ripoti ambayo baba yake aliitunza hadi karatasi ikawa njano.

Mwaka 1969 aliajiriwa kufagia ukumbi wa jamii, akapewa na ufunguo wa stoo, na humo ndimo alimojifunza kwamba shughuli ya watu, iwe ya furaha au ya msiba, huanza kuharibika pale mtu wa kwanza anapokosa pa kukaa. Mwaka 1981 alianza kukodisha vyake mwenyewe, viti thelathini vya chuma vya kukunja na turubai moja lenye viraka, na hadi anastaafu aliweza kukalisha watu elfu moja na mia mbili bila kuazima hata kigoda.

Tarehe 8 Desemba 1973 alifunga ndoa na shemeji yenu, dereva wa lori, baada ya bwana huyo kuvunja kiti cha ukumbi kwenye harusi ya watu na kurudi kesho yake na waya kukitengeneza, na shangazi alipoulizwa na mama yake alichokiona kwa mtu yule, alijibu, "Anatengeneza vibaya, ila anaomba radhi vizuri." Mungu aliwajalia watoto watatu, na mimi wa nne, kwa sababu ambayo sasa naifikia.

Tarehe 22 Agosti 1996, siku ya Alhamisi, baba yangu, fundi redio, alichukuliwa na polisi kwenye kibanda chake cha kazi, akidaiwa kutengeneza redio ya wizi, na Jumapili tarehe 25 tuliitwa kuchukua mwili. Tuliambiwa aliteleza kwenye ngazi za kituo. Mama yangu alizimia, wajomba wakainamisha vichwa, lakini shangazi alisimama mbele ya meza ya mapokezi akaomba arudiwe maneno hayo, akarudiwa, akamwomba mwenye zamu ayaandike, na yule kijana, bila kujua anachokifanya, akayaandika na kugonga muhuri.

Kesi dhidi ya askari watatu wa kituo kile ilichukua karibu miaka mitatu kufika mahakamani, na katika miaka hiyo wapo waliomwambia aachane nayo, mwenye nguvu mpishe, naye akawa anajibu kwamba ameshapisha sana na njia imekwisha. Tarehe 11 Februari 1999 alipanda kizimbani na karatasi ile yenye muhuri. Wakili wa utetezi alimuuliza, kwa dharau ambayo ukumbi mzima uliisikia, mkodishaji wa viti anajua nini kuhusu jengo la polisi.

"Mheshimiwa," akasema, akimtazama jaji wala si wakili, "Mei ya mwaka ule ule mkuu wa kituo alikuwa anaagwa, nikaletewa oda ya viti mia mbili. Nimeviingiza chumba kwa chumba, vinne vinne, kwa mikono hii. Jengo lile halina ghorofa. Kungekuwa na ngazi, mgongo wangu ungekumbuka."

Watu walicheka, jaji akaomba utulivu, kisha akaamuru mahakama nzima ikalitazame jengo hilo kesho yake. Walizunguka vyumba vyote tisa. Wakili, kwa kukosa la kufanya, alionyesha kizingiti cha mlango wa nyuma, na shangazi akasema kwa upole kwamba mdogo wake alikuwa na futi sita, na kizingiti kile hata kifaranga hukivuka bila kufikiri.

Tarehe 30 Juni 1999 askari wawili walitiwa hatiani, wa tatu akaachiwa, na shangazi hakupiga vigelegele wala kulia, alirudi nyumbani akafua vitambaa vya viti kwa sababu Jumamosi kulikuwa na harusi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, nikilelewa kwake tangu msiba wa baba, nilikuwa namwanikia, na aliniambia maneno machache tu, "Sasa wakikuuliza baba yako alikufaje, una jibu."

Mwaka 2000 alianzisha siku ya kuwakumbuka waliouawa na kuumizwa na polisi, tarehe ile ile 25 Agosti, familia sita zikiwa uani kwake, na kila mwaka tangu hapo mtu aliyetaka kusema alisema, na asiyetaka aliletewa chai. Mwaka 2007 mkusanyiko ulipigwa marufuku. Shangazi aliamka mapema, akapanga viti sitini na kimoja kwenye uwanja wa mtaa, kila aliyekumbukwa na chake, mistari imenyooka, hakuna aliyekaa, nasi tukasimama kimya kwenye milango yetu.

"Mama, mkutano umekatazwa," afande akamwambia.

"Mkutano uko wapi, mwanangu? Mimi napanga viti, ndiyo kazi yangu."

Afande alivizunguka viti vyote, akaripoti kwa redio ya upepo kwamba ameona viti tu, akaondoka, na mwaka uliofuata hakuna aliyetukataza.

Mwaka 2014, siku hiyo hiyo ya kumbukumbu, alikuja mama mzazi wa mmoja wa wale askari wawili waliotiwa hatiani, akasimama nje ya geti. Manung'uniko yalikuwa makali, mama yangu akiwa wa kwanza kunung'unika, lakini shangazi alikwenda kumshika mkono, akamkalisha pembeni yake. "Sikuwaambia msamehe," alitwambia. "Nimesema akae." Mama yangu alikaa miaka miwili bila kuja, na mwaka wa tatu alikuja, na leo wazee hao wawili wamekaa mstari wa mbele.

Marehemu aligundulika kuwa na moyo uliopanuka Novemba 2021, akatibiwa hospitali ile ile ambayo alizaliwa nyuma yake, na alifariki Jumanne tarehe 9 Julai 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Ameacha watoto, wajukuu saba na kitukuu mmoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tatu, waliovumilia kukosolewa vitanda vyao, majirani waliopika bila kuombwa, na vijana wake wa kazi, waliokataa leo kupumzika.

Aliacha agizo moja, kwamba msiba wake usiahirishe siku ya wenzake. Shangazi, lala kwa amani. Tarehe ishirini na tano Agosti, saa tatu kamili, tutafika.