Watu Arobaini Hawakujua Jina Lake

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Ndugu Mkurugenzi Mtendaji, wageni waalikwa mliotoka Beijing kutuletea tuzo, na ninyi wenzangu wa ghorofa zote sita, nawasalimu. Mshereheshaji amenitambulisha kuwa ni Dada Chemchemi, mkuu wa wafanyakazi, ninayestaafu leo. Chemchemi si jina langu. Naitwa Shu Peizhen. Naona mnatazamana! Miaka tisa tumekula meza moja, na leo ndiyo mnalisikia kwa mara ya kwanza.

Nimeombwa mambo mawili: niwaage, kisha nisome maoni ya wafanyakazi yaliyotupatia tuzo hii ya Mahali Bora pa Kazi. Karatasi ninayo. Asilimia tisini na sita wameridhika. Hiyo asilimia naijua vizuri, maana nimeipika mwenyewe. Mtu akiandika "tunakufa na kazi", mimi naandika "ari iko juu". Akiandika "wiki nzima sijamwona mwanangu akiwa macho", naandika "anapendekeza ratiba iboreshwe". Mkurugenzi, usinikonyeze. Nimeshastaafu tangu saa tatu asubuhi.

Wageni wetu, hapa Hangzhou tuna desturi. Siku ya kwanza ya kazi unaacha jina la nyumbani mlangoni, unajichagulia jingine, kama la mashujaa wa panga wa hadithi za kale. Mkurugenzi wetu ni Radi ya Kaskazini. Anasema jina la namna hiyo linafuta vyeo, bosi na mdogo wake wanaongea sawasawa. Nilimpigia makofi. Tena nikamzidi: nikayafuta majina ya kuzaliwa kwenye orodha zetu zote, na mikataba tukaikabidhi kwa wakala wa ajira wa mji mwingine.

Sasa nisikilizeni. Jumanne moja ya mwezi wa kumi na moja, saa nne asubuhi, zikiwa zimebaki siku tatu kuzindua programu yetu mpya, kijana wetu Upanga Mwepesi aliinuka kwenda kuchota maji ya moto. Akaanguka. Gari la wagonjwa likaja upesi, Mungu awabariki. Muuguzi akapiga magoti, akatoa kalamu, akauliza, "Anaitwa nani?"

"Upanga Mwepesi," tukajibu kwa pamoja.

"Nyie, mnanitania? Mtu anakata roho hapa! Jina lake la kweli!"

Tulikuwa watu arobaini tumemzunguka. Arobaini! Mmoja alikaa naye kiti kwa kiti miaka mitatu. Hakuna aliyelijua. Muuguzi akanigeukia mimi, kwa kuwa ndimi niliyekuwa mtu mzima pale. "Mama, wewe ndiye mkuu wa wafanyakazi?" Nikasema ndiyo. "Basi?" Jamani, nilitamani ardhi ipasuke.

Kitambulisho chake cha kazini kilikuwa na jina lile lile la upanga. Simu yake imezimika, na namba yake ya siri hatuijui. Wakala akasema atajibu kesho. Hospitalini wakatuambia kwa simu damu inavuja ndani ya kichwa, apasuliwe haraka, lakini anatafutwa ndugu wa kuweka saini, na wa kusema kama kuna dawa inayomdhuru. Ndugu gani? Ukoo gani? Mkoa gani?

Na saa hiyo hiyo, gari la wagonjwa likiwa limeshaondoka, chini, pale mapokezi, kulikuwa na mama mmoja amesimama. Msichana wa mapokezi alinisimulia baadaye huku analia. Mama kashuka treni kutoka mkoa wa Guizhou, begani ana mfuko wa nyama ya kukaushwa kwa moshi.

"Namtafuta mwanangu, Ran Zhiyong."

"Mama, hapa hatuna mtu wa jina hilo."

"Hebu angalia tena, binti yangu. Mrefu hivi, ana kovu kidevuni."

"Nimeangalia, mama. Labda ni jengo la jirani."

Msichana hakudanganya. Alisoma orodha, na orodha niliitengeneza mimi. Akamkaribisha chai, akampa fomu ya maoni ya mgeni, kama nilivyomfundisha. Mama akakaa saa tatu, akajaza fomu, akaondoka.

Saa nane mchana niliteremka mapokezi. Fomu ile ilikuwa mezani, nikaisoma kwa mazoea tu. Imeandikwa: "Chai yenu ni nzuri, na binti ana adabu. Juzi mwanangu aliniambia kichwa kinamuuma, ndiyo maana nimekuja. Ana kovu kidevuni. Mkimwona, mwambieni mama yake yupo, anamsubiri stesheni." Chini kuna namba ya simu. Kovu lile nalijua, ni la Upanga Mwepesi. Nilipiga pale pale.

Mama Zhiyong aliweka saini saa tisa na dakika ishirini. Zhiyong yu hai. Lakini upande wa kulia hausogei, na daktari hakutuficha: saa zile tulizopoteza tukitafuta jina ndizo zilizomgharimu. Mama yake anamlisha uji wa mchele kwa kijiko. Na Ijumaa ya wiki ile ile, kwenye uzinduzi, kuna mtu humu ukumbini aliniuliza, "Vipi, Upanga anarudi lini?" Simtaji. Amejijua.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwomba Zhiyong msamaha kwa ajili ya jina. Nilidhani kosa langu ni hilo tu. Akanitazama sana, akasema taratibu, maana maneno bado yanamshinda: "Dada Chemchemi, mbona nilikuandikia? Mara tatu."

Nilirudi ofisini nikafungua makabati. Karatasi zote za maoni ninazo. Nimezipata tatu, mwandiko mmoja, na kila moja nimeigonga muhuri wangu: Imesomwa. Kwenye ripoti ya mwezi ule, zote tatu nilizifupisha hivi: "Baadhi wanaomba mwanga wa ofisi upunguzwe." Nani alinishikia bunduki? Hakuna.

Nimeombwa nisome maoni ya wafanyakazi. Ile karatasi ya asilimia naiacha hapa mezani, anayeitaka aichukue. Nasoma hii, ya tatu, ya siku tano kabla hajaanguka:

"Kichwa kinaniuma wiki ya tatu sasa. Naomba siku moja tu niende hospitali. Fomu inasema nisiandike jina, kwa hiyo siandiki, lakini nakaa karibu na birika la maji ya moto. Ukipita, nitakuona."

Ndugu zangu, nilikuwa nikichota chai pale kila asubuhi.

Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu. Naomba msinipigie makofi.