Aliyesimama Nyuma ya Wagonjwa

Marehemu baba yetu, fundi seremala ambaye wengi wenu mlimwita Ukuta, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, kitinda mimba wa wazazi wake. Bibi yetu alizoea kutania kwamba mtoto huyo yalitangulia mabega, kichwa kikafuata baadaye.

Alisoma hadi darasa la saba. Hesabu alizipenda, lakini kuitwa mbele ya darasa kulimtoa jasho, na maisha yake yote hakupenda kutazamwa. Alijifunza useremala kwa mjomba wake, kisha akafungua karakana nyuma ya nyumba. Mabenchi yote ya kanisa letu aliyaranda yeye.

Tarehe 14 Desemba 1985 alifunga ndoa na mama yetu. Siku ya posa alikaa kimya mpaka mama akanong'ona, "Kwani huyu ni bubu?" Shangazi akamjibu, "Si bubu, anapima kwanza."

Kanisani alikuwa na kazi moja. Mchungaji alipowawekea wagonjwa mikono, baba alisimama nyuma yao. Aliyeanguka alidakwa, akalazwa taratibu, akafunikwa miguu kwa kitambaa. Siku moja mama wa kwaya, mwenye mwili wake, alimwangukia mzima mzima, wakaenda chini wote wawili. Baba akasema, "Leo upako umekuja na uzito wake." Yule mama alicheka akiwa bado amelala sakafuni.

Agosti mwaka jana chakula kilianza kumkwama. Daktari alimwambia ana uvimbe kooni, lakini umewahiwa, aanze matibabu mara moja. Baba akaomba apite kwanza kwenye maombezi. Jumapili hiyo alipanga foleni kama wengine. Mchungaji akamwekea mikono, watu wakaomba mpaka sauti zikawakauka, naye akabaki wima. Nyuma yake hapakuwa na mtu, maana aliyesimama pale miaka yote ni yeye. Minong'ono ikaanza: ana dhambi gani inayomzuia? Mama aliisikia, na inamuuma hadi leo.

Jumapili iliyofuata alianguka. Mama, aliyekuwa benchi la mbele, alimwona akigeuza kichwa kutazama sakafu kwanza, ndipo akakunja magoti. Kanisa zima lililipuka kwa vigelegele. Akapewa kipaza sauti, yeye asiyependa kutazamwa, akasema, "Nimepona."

Ushuhuda huo ndio uliotufungia mlango wa hospitali. Mama alimbembeleza, "Baba watoto, twende hata kwa kujificha." Akamjibu, "Nikionekana kule, wote niliowadaka watajiuliza kama nao walipona kweli. Niache, mama." Mama alipika uji, akauchuja, akauchuja tena, nao ukamshinda. Tulipompeleka alikuwa hawezi kukataa, tumembeba. Daktari ni yuleyule. Aliuliza, "Mlikuwa wapi siku zote?"

Alifariki tarehe 2 Juni mwaka huu, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama. Tunajua hapa husemwa maneno ya faraja. Sisi hatuna. Tuliomba, nanyi mkaomba kwa moyo mweupe, na hakupona. Hatumlaumu mtu, ila mioyo yetu imevunjika na hatuoni pa kuishika. Karakana imefungwa, na mlango wa jirani alioanza kuutengeneza bado umeegemea ukuta.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu sita na dada yake mmoja.

Mama hana nguvu za kusimama mbele yenu. Ametutuma kwa vijana watakaoshika kamba: mshusheni taratibu, kama alivyowashusha ninyi. Siku ile alianguka na hapakuwa na mtu nyuma yake. Safari hii, jamani, mumshike.

Alale kwa amani, fundi wetu.