Nilimwita Mungu Mkunga

Siku waliyonitoa kanisani, ndugu zangu, nilikuwa bado natokwa maziwa, na mtoto wa kuyanyonya sina. Ilikuwa zamu yangu kuomba. Nikasema, "Ee Mungu, Mkunga wangu." Mzee wa kanisa Zabroni akasimama: "Mama, keti! Mungu si wa kuitwa majina ya leba. Toka nje mpaka utubu."

Nikatoka. Hakuna aliyenifuata.

Nirudi nyuma kidogo. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila mwenye kibali alikuja delta, mto unapoingia baharini, kununua boriti za mikoko. Mie na marehemu mume wangu tulitoka bara, tukafuata vibarua Kiongoroni, kijiji cha huko huko delta. Uchungu uliponishika, boti ya injini ilikuwa moja tu, ya huyu huyu Zabroni. Mume wangu akamsihi anifikishe hospitali. Akajibu, "Maji yanapwa, nimeshapakia." Boriti zikaenda, mie nikabaki. Nikajifungulia ndani ya mtumbwi, mikononi mwa Bi Mwanahawa, jirani yangu Mwislamu. Mtoto alilia mara moja, akanyamaza. Yule mama hakuniachia mkono. Sasa niambieni, Mungu ningemwitaje?

Baada ya kutolewa sikuomba tena, karibu mwaka mzima.

Aliyeniinua ni Mwalimu Eleuteria wa Dimani, tulikohamia kulima. Siku moja tunamenya mihogo, nikamweleza.

"Ndilo kosa lako hilo? Dada, watawa wa kale walimwita Mungu Moto, Kisima, Mama, Mpenzi, hata Giza. Na majina yakiwaishia walisema, bado hatujamtaja."

"Giza! Nao walitolewa nje?"

Akacheka. "Wengine nusura."

Ndugu zangu, nawaambia, mie wa darasa la nne nilisisimka mwili. Mungu mkubwa kiasi hiki, majina yote yanamfaa na hakuna linalomtosha! Nikawa napalilia huku namwita, jina moja moja. Siku moja yakaniishia. Nikakaa kwenye matuta, jembe mapajani, kimya. Na katika kimya kile sikuwa peke yangu. Nililia, kisha nikaenda nyumbani nikala nikashiba.

Asante Mwalimu. Asante Bi Mwanahawa, popote ulipo. Nawe uliyefiwa ukanyamaza, mwite kwa jina lolote ulilo nalo mdomoni. Haoni haya kuitika.

Mchungaji amenipa nafasi leo, kanisa hili hili nililotolewa, naimalizia hivi. Mzee Zabroni, uko hapo benchi la mbele. Na Mungu nimepatana. Na wewe bado. Simama uwaambie wapendwa kwa nini boriti zilipata nafasi, mie sikupata. Sikai mpaka unijibu.