Siku Mke Mwenzangu Alipokuja Mabela

Assalaamu alaykum warahmatullah, ndugu zangu. Nimesimama mbele yenu kumshukuru Mola aliyenitoa kwenye mauti na kwenye midomo ya watu. Leo nitasema yote bila ya kuona haya, kwa sababu najua humu ndani wamo waliopita nilipopita mie na hawajamwambia mtu.

Wengi mnanijua. Mie Zuwena, mzaliwa wa Tabora. Nililetwa hapa Maskati miaka ya tisini, nimeolewa na Said, naye alikuwa na mke tayari, Bi Thureya, mwalimu wa skuli, watu wao wa Unguja. Yeye anakaa Ghubra pamoja na mama mkwe wetu. Mie nikawekwa mbali nao, mtaa wa Mabela, wakati huo nyumba bado mpya mpya, jirani hujamjua, vumbi la ujenzi mpaka chumbani. Said kazi yake kwenye mafuta, huko jangwani, anakuja na kuondoka. Mie na Bi Thureya hatukutukanana hata siku moja, lakini hatukuwa na mazungumzo. Tukikutana harusini tunapeana mkono, basi. Watu walinijaza maneno kuwa ananiombea mabaya, nami nikawa namkhofu.

Nilikaa miaka bila ya mtoto. Kisha Mola akanijaalia, nikachukua mimba. Furaha yangu, ndugu zangu, siwezi kuieleza!

Nikaenda hospitali kupimwa kama kawaida. Daktari, mama wa Kisudani, akapitisha mashine tumboni, akapitisha tena. Moyo wa mtoto ulikuwa umesimama. Alishakufa, na mwili wangu haujajua bado.

Akanieleza kwa upole kwamba mimba kama ile haifai kuachwa ikakaa. Naweza kulazwa nikasafishwa, au kwa kuwa bado ilikuwa changa, atanipa vidonge itoke nikiwa nyumbani. Nikachagua nyumbani. Nilitaka kulia kitandani kwangu, nisitazamwe na mtu. Akakubali kwa sharti moja, kwamba nisikae peke yangu. Akanambia maumivu yatakuwaje, na baridi itakayonishika, na damu. Pedi zikijaa moja baada ya moja bila ya kupungua, au nikisikia kizunguzungu, nisingoje, nirudi.

Nisikae peke yangu! Mama yangu yuko Tabora. Said yuko jangwani, simu haimpati. Nikampigia mama mkwe. Aliyepokea ni Bi Thureya. Nilitaka kukata, lakini kilio kilishanitoka, nikamwambia kila kitu. 

"Usimeze kitu mpaka nifike," akasema.

Alikuja akiendesha gari mwenyewe, na mfuko wa shuka kuukuu zilizofuliwa, na mchele wa uji. Mie nimesimama mlangoni sijui nimkaribishe vipi. Akavua abaya, akaitundika, akaingia jikoni kuchemsha maji kama yuko kwake. Aliporudi akakaa karibu yangu, ndipo akanambia jambo ambalo hata Said alikuwa halijui sawasawa.

"Mie walinitoka wawili, kabla hujaja. Nlikuwa peke yangu chooni, nikasafisha mwenyewe sakafu. Sitaki mwanamke mwengine yamkute yale."

Nikatumia vidonge kama nilivyoelekezwa. Ndugu zangu, yale maumivu! Nilitetemeka mpaka meno yakagongana. Bi Thureya alinifunika, akanisugua kiuno, akanishika nilipotapika, na kila nilipotaka kujionea aibu akanambia nimwachie yeye. Kilipotoka kile kiumbe, alikipokea kwa mikono yake, akakifunga kitambaa cheupe, akakaa nacho. Kisha akaenda kukizika uani. Mwanangu alizikwa na mke mwenzangu, na alimzika kwa heshima.

Nilidhani yamekwisha. Lakini damu haikupungua. Akibadilisha shuka, inalowa. Nikamwona anakuwa wawili, nikamwambia niache nilale kidogo tu. Hakuniacha. Alinivisha, akanibeba nusu nusu mpaka garini. Mkono mmoja kwenye usukani, mmoja umenishika mie, anasoma Ayatul Kursi kwa sauti njia nzima. Tulipofika walinichukua mbio, wakanisafisha, wakanitia damu. Daktari alisema ningalilala kule nyumbani, nisingaliamka. Alhamdulillah! Mola aliniokoa, na mikono aliyoitumia ni ile niliyokuwa naikhofu.

Haikuishia hapo. Nilipopata nguvu nikasikia maneno yameshaenea, kuwa yule wa bara ametoa mimba kwa vidonge. Siku moja tumekusanyika kwa mama mkwe, jamaa mmoja akayasema mbele yangu, huku anacheka. Sikuweza kunyanyua uso. Bi Thureya alikuwa akimimina kahawa. Akaiweka dalla, birika lake, chini taratibu.

"Huyu ni mdogo wangu," akasema. "Mwanawe alimfia tumboni, na dawa alipewa na daktari. Damu yake nimeifua mie. Mwenye suala aniulize mie."

Mama mkwe akainuka, akaja kukaa ubavuni kwangu, na tangu siku ile sikuyasikia tena maneno yale.

Ndugu zangu, baadaye Mola alinipa binti. Bi Thureya ndiye aliyemwadhinia mtoto sikioni, kwa kuwa Said alichelewa njiani, tena kwa sauti ya chini ili watu wasimcheke. Yupo hapa leo, ameinamisha kichwa, maana hapendi kusifiwa. Nisamehe, dada. Lazima niseme.

Nawe uliyekaa hapo, umepoteza na hukumwambia mtu: hukutenda kosa, na Mola anakuona. Mtegemee yeye, na mtafute mwenzio akae nawe. Na ukipigiwa simu na mwanamke analia, hata kama hamzungumzi, chukua funguo za gari uende. Mwenyezi Mungu atulinde sote. Amin.