Aliyekunywa Mtaro wa Kiganjo

Ukifika Kiganjo, Thika, usiulize benchi la Amida muuza kahawa liko wapi, fuata kelele. Limeupa mgongo mtaro wa mawe ambao, zamani za mkoloni, ulizungusha gurudumu la karakana ya majembe: maji yakisukuma gurudumu, gurudumu likiinua nyundo, nyundo ikifua chuma. Siku hizi mtaro ni kumbukumbu ya taifa, una bango la kukataza mtu kuugusa, na asubuhi hiyo gurudumu lililotengenezwa upya lilikuwa lizunguke mbele ya wageni. Shida ni moja: mtaro ulikuwa umekauka kabisa. Simeon, aliyebandikwa jina la Sukuma kwa ajili ya shamba lake la mboga za sukuma wiki, alikunywa kahawa kwa adabu isiyo ya kawaida. Kule juu mtaro unakotokea, chini ya majani ya kulisha ng'ombe, mpira wake wa maji ulikuwa umezama mtaroni. Akiuchomoa, sukuma wiki yote itanyauka na jua hili la Januari. Akiuacha na akashikwa, ni kortini.

— Maji imeibwa na mabwenyenye wa huko juu, alisema Maluki, fundi wa welding waliyemwita Spaki. Hiyo haina maneno.

— Wapi! akadakia Ngigi, ambaye kwa kuvaa miwani tu alipewa uprofesa. Wazungu waliacha chuma mingi hapo chini, sasa inakunywa. Kutu ni nini, Spaki? Si ni chuma imekunywa maji?

— Hapo umenishika, Prof.

— Na ikishiba inatema. Hiyo maji inatokea huko Gatongora. Unafikiri kwa nini tap zao hutoa maji ya brown?

— Basi wageni wapelekwe Gatongora! alisema Spaki.

— Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huu mtaro umesifiwa sana. Mara kumbukumbu, mara bango. Umeanza kuringa!

Simeon alicheka kuliko wote, kisha akatupia lake.

— Mimi nasikia kuna nyoka. Tumbo ni kama tanki ya shule.

— Aii, Sukuma! Uliiona?

— Mkia tu.

Benchi likaangua kicheko. Lakini Simeon alikuwa na aibu, maana naye alitamani sana kuliona gurudumu likizunguka.

Ndipo akatokea msichana aliyevaa gambuti na beji ya makumbusho iliyoandikwa Mitchell.

— Habari zenu, wazee.

— Mzuri sana, madam. Karibu kahawa.

— Asante. Nina swali tu. Hizo mipira zote huko juu ni za nani?

Zote? Simeon aligeuka. Spaki alikuwa akichunguza kamba za viatu vyake. Profesa alikuwa amevua miwani na kuifuta kwa bidii, ingawa haikuwa na doa. Wanaume waliokuwa na majibu ya dunia nzima wakasukuma vikombe vyao kwa Amida.

— Imeisha, alisema Amida.

— Si upike ingine, mama?

— Na nini? Mimi huchota ndoo hapa hapa nyuma. Hiyo mmemaliza ni maji ya jana, leo nimepata matope.

Simeon alisimama, akaanza kukunja suruali aende kule juu mtaroni. Kukosa sukuma angevumilia, lakini Kiganjo bila kahawa hakukaliki. Nyuma yake akasikia benchi zima likiinuka.