Mama Phelista na Kufuli la Uwanjani

Wazee wetu, wachungaji, majirani mliotoka Kitale, na nyinyi wa hapa Kabuchai mliopanga viti kabla jua halijatoka, tulieni kidogo, mama huyu tumweleze vizuri, asiwekwe chini kama mtu asiyejulikana.

Phelista Nekoye alizaliwa tarehe 14 Aprili 1968, hapa hapa Kabuchai, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Khaemba, akaingia shule ya msingi mwaka 1975, akatoka 1981 akiwa darasa la saba, si kwa ujinga, ni kwa sababu mama yao aliugua na lazima mtu abaki na wadogo. Aliuza mboga soko la Chwele, na tarehe 8 Desemba 1990 akafunga ndoa na Kizito kanisani Misikhu, wakahamia Kitale mwaka 1994, Mungu akawajalia Derrick, Ivy na Lorraine. Katika nyumba hiyo hakukuwa na vikombe vya wageni, vile vya maua ambavyo wengi wetu tunavifungia kabatini, watoto wake walivinywea uji kila asubuhi, na mama mkwe alipolalamika, alijibiwa kwa upole, "Mayi, si kikombe huoshwa?"

Kazi yake ilikuwa kupika, ugali wa wimbi, kuku na mboga ya saga, kwenye kibanda kando ya ukuta wa uwanja wa michezo, kwa hivyo iliposemwa ati Kitale itapokea mbio za nyika za nchi kumi na nane, tarehe 15 Machi 2025, alifurahi kuliko wengi, na hakukosea. Barabara ilitiwa lami, taa zikawaka, wakimbiaji wakala kwake mpaka sufuria zikakwanguliwa, Ivy akapata kazi ya kutembeza wageni na anaifanya mpaka leo, na ndani ya uwanja, hatua hamsini kutoka jikoni kwake, kukajengwa chumba cha matibabu, vitanda vinne na mitungi ya oksijeni. Mama alikuwa na pumu tangu utotoni, akasimama kwenye baraza la wananchi akauliza, "Wageni wakienda, hicho chumba ni cha nani?", na mwenyekiti wa kamati ya mashindano akacheka, akasema, "Mama Derrick, ni chenu, wewe pika tu."

Wageni waliondoka tarehe 17, na tarehe 18 mlango ukatiwa kufuli, ati vitu visiharibike kabla wageni wengine hawajakuja. Mama alienda kwa kamati hiyo mara saba, kila mara anaambiwa mwenye ufunguo ametoka, na mmoja wao akamwambia, "Si wewe hupona tu, mama?"

Tarehe 6 Novemba, saa nne asubuhi, pumu ilimkaba akipepeta wimbi, Kizito akambeba mpaka mlango ule, Kimaiyo, mlinzi wa uwanja, akapiga simu tatu akiomba ufunguo, hazikushikwa, akachukua jiwe akavunja kufuli, lakini mlango ulipofunguka Mama alikuwa ameshanyamaza mikononi mwa mumewe. Mitungi ilikuwa imejaa, vitanda vingali ndani ya nailoni. Jumatatu Kimaiyo akafutwa kazi, ati ameharibu mali ya umma, na kufuli jipya likatiwa siku hiyo hiyo. Umma gani huo, na huyu aliyelala mbele yetu alikuwa nani?

Tunawashukuru madaktari waliomtibu miaka hiyo yote, majirani waliokesha nasi, wapishi wenzake waliofunga vibanda wakaja, na Kimaiyo, aliyeketi hapa na familia kwa sababu ni wa familia. Shada la maua la kamati tumeliona, liko pale langoni, na litabaki langoni. Tukishamzika, chai itamiminwa kwenye vikombe vyake vya maua, kila mtu atakunywa, mkubwa kwa mdogo, na Jumanne wapishi wataketi mbele ya mlango ule mpaka ufunguliwe na ubaki wazi.

Pumzika, Mayi, sasa huhitaji kumwomba mtu ufunguo ndio upumue.