Ammia wa Tralanda, Aliyechimba Kabla Mjumbe Hajafika

"Bibi, Kaisari yuko Roma. Alijuaje kwamba sisi huku tumeumia kiasi kile?" Apfia, mjukuu wa marehemu Ammia, aliuliza hivyo akiwa na miaka minane, mbele ya sanamu ya Kaisari sokoni. Marehemu alimfuta makamasi, akasema watembee, mikate inapoa.

Ammia binti Menekrate alizaliwa mwezi wa Daisio, mwaka wa 78 wa hesabu ya mji wetu. Shule hakupelekwa. Kusoma alijifunza kwa kuchungulia vibao vya kaka zake, na hadi uzeeni alisoma kwa sauti kila jiwe la kaburi alilopita, akilisahihisha. Kazi yake ilikuwa kutia sufu rangi nyekundu. Aliolewa na Glukoni, mwendesha nyumbu, wakajaliwa Papia na Meltine.

Tarehe nne mwezi wa Loo, mwaka wa 102, asubuhi, Glukoni akiwa safarini na Ammia akisuuza sufu mtoni, ardhi ilitikisika. Mtaa wote ulilala chini. Watu walipondwa kama zabibu shinikizoni. Aliporudi aliwasikia wanawe chini ya kifusi: Meltine analia, Papia anagonga.

Alichimba kwa kucha. Alasiri akamtoa Meltine, mguu umevunjika. Hapo Zeuksi, mkuu wa baraza, akafika na walinzi.

"Mama Papia, basi. Kesho kutwa anakuja mtu wa Kaisari aliyeko jimboni, kukagua. Akikuta tumeshafagia, msaada wote watapewa miji ya jirani."

"Mwanangu anagonga, mzee. Sikiliza."

"Mji mzima una watu chini."

"Basi ingia wewe humo, akukague."

Walimkamata. Alimvunja mlinzi mmoja taya kwa kigae. Wao wakamvunja mkono, wakamfunga kwenye nguzo, hatua kumi kutoka kwenye kifusi. Kugonga kulikoma siku ya pili, jua likizama. Siku ya tatu mjumbe alikuja, akautazama mtaa ule, akalia. Kaisari akatusamehe kodi miaka mitano, akatujengea soko, bafu na mfereji ambao maji yake tunayanywa hadi leo.

Kifua kilimwanza marehemu majira ya baridi. Alifariki tarehe tisa mwezi wa Panemo, mwaka wa 149, mumewe akiwa ameshatangulia. Ameacha binti yake Meltine, wajukuu watatu, na yule mlinzi mwenye taya iliyopinda, aliyemletea kuni kila baridi na ambaye leo amebeba jeneza. Udongo umlalie kwa wepesi.

Wiki moja kabla hajafa alimwita Apfia, ambaye sasa ana miaka kumi na sita.

"Uliniuliza Kaisari alijuaje," alisema. "Tulimwacha mjomba wako palepale, ili aonekane."